Mzigo wa Mwenzio

Mwaka 1944, wakati Vita vya Pili vya Dunia vilikuwa bado vinazalisha majeruhi kila siku, jeshi la Marekani lilikuwa na tatizo ambalo halikuwa la risasi. Hospitali zake zilijaa vijana waliokuwa wameshapona. Mifupa ilikuwa imeunga, vidonda vimefunga, plasta zimetolewa, lakini jamaa hawawezi kutembea vizuri. Paja lililokaa ndani ya plasta miezi kadhaa hutoka likiwa jembamba kama la mtoto. Dawa ya kawaida wakati huo ilikuwa mazoezi mepesi yanayorudiwa mara nyingi sana: inua mguu, shusha, inua, shusha, kwa wiki na wiki. Vitanda havikuwa vinaachwa wazi.

Katika mojawapo ya hospitali hizo, Gardiner General kule Chicago, alikuweko daktari kijana aliyeitwa Thomas DeLorme. Alipokuwa kijana mdogo aliugua homa ya baridi yabisi, ule ugonjwa unaoacha alama kwenye moyo, na akajijenga upya kwa kupiga chuma. Enzi hizo madaktari wengi waliona kubeba vyuma kama mchezo wa watu wa sarakasi. Ati utakaza misuli mpaka ushindwe kujikuna mgongo. DeLorme alikuwa anajua mwilini mwake kwamba si kweli. Kwa hivyo akachukua wanajeshi wenye magoti mabovu, akawavisha kiatu cha chuma kinachofungwa chini ya mguu, akaingiza fimbo yenye sahani za uzito kila upande, akawaambia wainue.

Hadithi hii husimuliwa sana kama hadithi ya ujasiri, daktari kijana dhidi ya wazee waoga. Mimi kinachonivutia ni kitu kidogo zaidi. DeLorme aliandika namba.

Kabla yake mazoezi ya tiba yalikuwepo, tena kwa miaka mingi. Kule Sweden, Per Henrik Ling alifungua chuo cha mazoezi mjini Stockholm mwaka 1813, na wanafunzi wake walitibu watu kwa kutumia mikono: mgonjwa anasukuma, mtaalamu anazuia. Lakini mkono hauna mizani. Leo mtaalamu ameamka na nguvu, kesho amechoka, keshokutwa ni mtaalamu mwingine kabisa. Nusu karne baadaye, Msweden mwingine, Gustav Zander, akatengeneza mashine zenye mitaimbo na vipande vya uzito vinavyosogezwa, ili kazi ya ule mkono ifanywe na chuma kisichochoka. Halafu polio ikaleta swali lake. Pale Boston, mwanzoni mwa karne ya 20, Wilhelmine Wright aliyefanya kazi na daktari Robert Lovett alianza kupima misuli ya watoto waliopooza kwa kuuliza kitu rahisi: je, msuli huu unaweza kuinua mguu dhidi ya uzito wa mguu wenyewe? Ngazi ya 0 hadi 5 ambayo fizio yeyote wa Nairobi anatumia leo ni mjukuu wa swali hilo.

Shida ya ngazi hiyo ni kwamba inaeleza vizuri mtu aliye chini. Ukishapanda hadi 4, ndani ya hiyo 4 kuna dunia nzima. Kuna mtu anayeweza kuinua kikombe na kuna mtu anayeweza kuinua gunia la viazi, wote wameandikiwa 4.

DeLorme akaja na kipimo ambacho mtu anaweza kukieleza kwa mtoto wa darasa la tatu. Tafuta uzito mkubwa zaidi ambao mgonjwa anaweza kuinua mara 10, na ya 11 imkatae. Huo ndio uzito wake. Si wa jirani yake kitandani, si wa kitabu. Kila wiki mnapima upya, kwa sababu mtu wa wiki hii si yule wa wiki iliyopita. Mwaka 1945 alichapisha matokeo yake, na mwaka 1948, akiwa na mwenzake Arthur Watkins, akapunguza kazi ikawa seti tatu tu za mara 10: ya kwanza kwa nusu ya uzito huo, ya pili kwa robo tatu, ya tatu kwa uzito wote.

Hebu tuifanye kwa unga. Kwetu mtaani kuna jamaa aliyeumia goti akicheza mpira, na pesa ya kwenda gym hana. Fizio wake alimwambia atumie kilichopo. Pakiti ya unga ni kilo 2, na mtungi wa lita 5 ukijaa maji ni kama kilo 5. Tuseme anaweza kuinua kilo 8 mara 10 na ya 11 ikamshinda. Basi seti ya kwanza ni kilo 4, ya pili kilo 6, ya tatu kilo 8. Zidisha kila moja kwa 10, jumlisha: kilo 180 zimepita kwenye goti lake asubuhi hiyo. Wiki ijayo akifika kilo 10, hesabu inapanda hadi 225. Ukiandika hizo namba kwenye daftari, una kitu ambacho mkono wa mwanafunzi wa Ling haungeweza kukupa: ushahidi kwamba unasonga. Na siku namba ikishuka, una sababu ya kuuliza kwa nini kabla goti halijafura.

Sasa, binadamu ukimpa kanuni, kesho yake atabishana nayo. Mwaka 1951 kule Oxford, daktari aliyeitwa Zinovieff alisema wagonjwa wake wanafika seti ya tatu wakiwa wameshachoka, hivyo uzito mkubwa unawakuta hawana nguvu. Akageuza mambo: anza na mzigo wote, halafu punguza kidogo kidogo kadiri msuli unavyochoka. Mwaka 1979 Kenneth Knight, Mmarekani, akaenda hatua moja zaidi. Kwake seti ya tatu haikuwa na idadi. Inua mara nyingi uwezavyo. Ukiweza nyingi kuliko tulivyotarajia, uzito unapanda palepale. Ukishindwa mapema, unashuka. Yaani mwili wa leo ndio unaopanga kazi ya leo, na kitabu kinafuata nyuma.

Ukiangalia vizuri, kila hatua ya hesabu hizi inahamisha mamlaka kutoka kwa aliyesimama kwenda kwa aliyelala. Goti lakini ni rahisi. Uzito wa chuma unaonekana kwa macho. Je, moyo?

Kwa moyo, tiba ya zamani ilikuwa kulala. Mtu akipata shtuko la moyo, alilazwa wiki nne, tano, sita, na hata kujilisha wakati mwingine alikatazwa. Mwaka 1952 pale Boston, Samuel Levine na kijana wake Bernard Lown walifanya jambo ambalo leo linaonekana dogo hadi linachekesha: waliwatoa wagonjwa kitandani na kuwakalisha kwenye kiti. Kiti tu. Wenzao wengi walichukia, wakaona ni kucheza na maisha ya watu. Wagonjwa waliendelea vizuri.

Kitanda chenyewe kilikuja kupimwa mwaka 1966 mjini Dallas. Vijana watano wenye afya, wa umri wa miaka 20, walilazwa kitandani wiki tatu. Kabla na baada walipimwa uwezo wa mwili kutumia oksijeni wakifanya kazi ngumu, ambao ndio kipimo kikuu cha pumzi. Ulishuka zaidi ya robo. Baada ya miaka 30 watafiti waliwatafuta tena watu walewale watano, sasa wazee wa miaka 50, wenye vitambi kiasi. Zile wiki tatu za kitanda zilikuwa zimeharibu uwezo wao kuliko miaka 30 ya kuzeeka.

Niliusoma utafiti huo mara ya kwanza wakati mama yangu alikuwa ametoka hospitalini. Ana miaka 61, na moyo ulikuwa umemshtua. Anaishi Umoja, ghorofa ya nne, jengo lisilo na lifti, na maji yakipotea, kama yanavyopotea, kila tone linapandishwa kwa mtungi. Watu waliokuja kumwona walikuja na matunda, maombi na amri moja: mama, kaa chini, pumzika, usiguse kitu. Sisi tunapenda kwa njia hiyo. Tunamkalisha mtu. Kila aliyempokonya mama kikombe ili amuoshee alifanya hivyo kwa mapenzi matupu, na kila kikombe kilichukua ngazi moja ya zile ghorofa nne. Swali la nyumbani kwetu halikuwa kama mama afanye mazoezi. Lilikuwa: kiasi gani? Kidogo sana, miguu inakufa. Kupita kiasi, hatutaki hata kusema.

Jibu la kwanza la dunia kwa swali hilo ni mapigo ya moyo. Mwaka 1957 Martti Karvonen kule Finland alionyesha njia ambayo bado inatumika: chukua mapigo ya juu kabisa unayoweza kufikia, toa mapigo yako ukiwa umepumzika, na nafasi iliyobaki katikati ndiyo uwanja wako wa kuchezea. Ukitaka zoezi la nusu, unachukua nusu ya nafasi hiyo na kuongeza juu ya mapigo ya kupumzika. Kwa hiyo watu wawili wa umri mmoja wanaweza kupata namba tofauti. Ni kipimo chenye adabu.

Lakini utajuaje mapigo ya juu kabisa ya mgonjwa bila kumkimbiza mpaka aanguke? Hapo ndipo ilipoingia ile hesabu maarufu ambayo iko ndani ya kila saa ya mkononi na ukutani mwa kila gym: 220 toa umri. Ilijulikana mwaka 1971 kupitia maandishi ya Samuel Fox, William Haskell na mwenzao. Walikuwa wamekusanya takwimu za tafiti kadhaa zilizokuwepo, wakaona mstari unaopita katikati ya nukta, wakauandika kama makadirio. Hawakuileta kama sheria. Sheria tuliifanya sisi, kwa sababu ni rahisi kukumbuka. Mwaka 2001 Hirofumi Tanaka na wenzake walipitia tafiti nyingi zaidi wakapendekeza 208 toa asilimia 70 ya umri. Kwa mtu wa miaka 20 hesabu ya zamani inatoa 200, mpya inatoa 194. Kwa mtu wa miaka 60 ya zamani ni 160, mpya 166. Na hata hiyo mpya ni wastani. Binadamu halisi anaweza kuwa mapigo 10 juu au chini yake na awe mzima kabisa.

Kaka yangu alimletea mama saa ya kupima mapigo. Nia njema. Kwa hesabu ya saa, mama wa 61 kilele chake ni 159, na zoezi la wastani lilipaswa kumfikisha zaidi ya 100. Mama alipanda ghorofa mbili, akasimama akishika ukuta, jasho kwenye paji la uso, na saa ikasoma 92. Rangi yake ilikuwa ya buluu: rahisi, ongeza bidii.

Saa haikuharibika. Mama anakunywa dawa za moyo za kundi la beta-bloka, ambazo kazi yake ni kuzuia moyo usikimbie. Kwa mtu kama huyo, mapigo hayasemi tena ukweli kuhusu kazi. Fizio alituambia siku ya kwanza kabisa: rangi za hiyo saa msizifuate. Akatoa karatasi yenye namba 6 hadi 20.

Karatasi hiyo ina mwenyewe. Gunnar Borg alikuwa mwanasaikolojia wa Sweden, aliyezaliwa 1927 na kufariki 2020. Mwanasaikolojia, si daktari wa moyo. Katika miaka ya 1960 alikuwa anauliza swali lililoonekana la kizembe mbele ya mashine za wenzake: vipi tukimuuliza mtu mwenyewe? Aliwapandisha watu baiskeli za maabara, akaongeza ugumu, akawauliza wanahisije. Akagundua kwamba majibu yanapanda pamoja na mapigo ya moyo kwa utaratibu wa kushangaza. Ndiyo maana ngazi yake inaanza na 6 na kuishia 20, namba ambazo kila mtu huzishangaa. Zidisha kwa 10: kutoka 60, moyo uliotulia, hadi 200, moyo wa kijana anayekimbia kufa kupona. Makala yake ya 1970 ilitoka kwenye jarida la urekebishaji wa wagonjwa, na tangu hapo namba zake zikaingia wodini. 9 ni rahisi sana, 13 ni ngumu kiasi, 17 ni ngumu sana. Baadaye, mwaka 1982, alitoa ngazi nyingine ya 0 hadi 10, ambayo wengi huiona rahisi zaidi.

Kwa mtu anayekunywa beta-bloka, Borg alikuwa mkombozi. Dawa inaweza kuuzuia moyo kukimbia. Haimzuii mtu kujua amechoka.

Ila Borg alikuwa Msweden, na mama yangu anatoka Umoja.

"Mama, hapo unaskia aje?" fizio aliuliza, mama akiwa kwenye ngazi ya mazoezi, anapanda na kushuka.

"Niko sawa, daktari."

"Kwa hii karatasi ni ngapi?"

"Si mbaya. Kiasi tu."

Yeyote aliyelelewa hapa anajua "niko sawa" si jibu, ni salamu. Unaumwa, uko sawa. Umefutwa kazi, uko sawa. Mbele ya mtu mwenye koti jeupe uko sawa zaidi, kwa sababu kulalamika ni kumsumbua mkubwa. Na neno "kiasi" linaweza kubeba kila kitu kutoka 7 mpaka 17. Karatasi ya Borg inadhani mtu akiulizwa kuhusu mwili wake atajibu kuhusu mwili wake. Mama alikuwa anajibu kuhusu malezi yake.

Fizio hakubishana naye. "Sawa ya kuongea ama sawa ya kunyamaza?"

Mama alicheka, na kicheko kikakatika katikati akitafuta hewa. Hapo fizio aliandika kitu. Kipimo cha kuongea ni kipimo halali; kikundi cha Carl Foster kule Wisconsin kimekichunguza kwa miaka. Mtu akiweza kusema sentensi nzima bila kukatika, kwa kawaida yuko upande salama wa ule mpaka ambapo pumzi inaanza kukimbizana na kazi. Akianza kusema maneno mawili mawili, ameuvuka au yuko juu yake.

Halafu walifanya jambo ambalo naamini Borg angelipenda. Waliandika ngazi upya, kwa maisha ya mama. Kukaa kwenye kiti kanisani ilikuwa 6. Kutoka nyumbani hadi kwa duka la mboga, bila haraka, 9. Kupanda hadi nyumbani na mtungi mtupu, 13. Kupanda na mtungi wa lita 20 umejaa, 19, na fizio akapiga mstari mwekundu chini yake. Maneno ya Kisweden yalikuwa yamepitia Kiingereza yakafika kwetu yakiwa yamekufa. Mtungi haukuhitaji tafsiri. Wiki iliyofuata mama aliulizwa tena yuko wapi, akasema bila kufikiri, "Niko na mtungi mtupu lakini niko karibu kujaza." Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akimwambia mtu wa hospitali ukweli.

Foster huyohuyo ndiye aliyefanya hesabu ya mwisho ninayotaka kuitaja, kwa sababu inakutanisha goti la DeLorme na pumzi ya Borg. Baada ya zoezi, muulize mtu kikao kizima kilikuwa kigumu kiasi gani, 0 hadi 10, kisha zidisha kwa dakika. Yule jamaa wa goti akikimbia polepole dakika 30 na kusema 4, mzigo wa siku ni 120. Kesho dakika zilezile 30 akasema 7, mzigo ni 210. Saa ya ukutani inasema amefanya kazi sawa. Mwili unasema karibu maradufu. Labda hakulala, labda goti linaficha kitu, labda ana mawazo ya kodi. Hakuna mashine itakayoona kodi, lakini ile 7 imeiona.

Ndiyo maana hadithi hii siioni kama ya vyombo kuendelea kuwa bora, ingawa vyombo vimekuwa bora kweli. Mkono wa Ling ulijua bila kuandika. DeLorme aliandika, lakini namba aliitoa kwenye marudio ya mgonjwa mwenyewe, pale ya 11 ilipokataa. Knight akamwachia mgonjwa aamue seti ya mwisho. 220 ikajaribu kutusahaulisha kuuliza, na miaka hamsini baadaye bado inajaribu kwenye mikono yetu. Borg akarudisha swali. Na swali likihama nchi, linahitaji mtu wa kukaa chini na mgonjwa na kulitafutia lugha, kazi ambayo haina mashine na mara nyingi haina bajeti.

Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Ukiubeba mwingine, wewe unayetazama unaona pamba tu. Zaidi ya miaka 70 ya sayansi ya mazoezi ya tiba, na viatu vyake vya chuma na baiskeli zake za maabara, imekuwa ikijaribu kutoka ndani ya methali hiyo. Mama sasa anapanda ghorofa zote nne akipumzika mara moja, kwenye ya tatu. Mtungi uliojaa bado tunambebea sisi, na akitaka kujua uzito wake leo, anatuuliza.